Kikohozi Langoni: Wazazi, Walimu na Ukweli Shuleni Wakati wa Korona

Jumatatu ya tarehe 10 Januari 2022 watoto wa Uganda walirudi shuleni. Kwa wengi wao, hasa wa madarasa ya chini, ilikuwa safari iliyokatika Machi 2020 na kuunganishwa tena siku hiyo. UNESCO, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, limehesabu majuma 83 ya shule kufungwa kabisa au kwa sehemu, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia. Wanafunzi walioguswa ni takriban milioni 15. Tunaungana na jirani zetu kumshukuru Mungu kwa siku hiyo, na tunaikumbuka kila familia ambayo mtoto wake hakuonekana langoni asubuhi ile.

Furaha hiyo isitusahaulishe kilichozifunga shule hizo kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, Machi 2020, Uganda ilizifunga kabla hata mgonjwa wa kwanza hajathibitishwa nchini. Ilikuwa hofu ya adui ambaye bado yuko njiani. Oktoba mwaka huo wakarudishwa watahiniwa, na mwanzoni mwa 2021 madarasa mengine yakafuata kwa zamu. Kisha, Mei na Juni 2021, ugonjwa ukalipuka ndani ya shule zenyewe, nyingi zikiwa za bweni, na tarehe 7 Juni zikafungwa tena. Ilitangazwa kuwa ni kwa siku 42. Siku hizo zikageuka miezi saba.

Tumejiuliza kwa nini mlipuko ndani ya shule uliogopwa kuliko mlipuko sokoni au kwenye stendi ya magari. Jibu la kitabibu linajulikana: mabweni yamejaa, vitanda vinagusana, na mtoto mwenye virusi mara nyingi haugui sana, hivyo huvibeba hadi kwa bibi na babu yake bila mtu kushtuka. Hata hivyo, kwa maoni yetu, liko jibu la pili lisilosemwa sana. Shule ilionekana kuwa mahali ambapo ugonjwa ungejificha. Mzazi angenyamaza, mwalimu angenyamaza, mwalimu mkuu angenyamaza, na serikali ingepata habari siku ambayo watu wanazikwa. Kama ndivyo, basi kilichowakosesha watoto wa Uganda karibu miaka miwili ya masomo ni virusi, na ni pia uhaba wa kuaminiana kati ya nyumba na shule. Uhaba huo tunao hata sisi huku Kenya. Tulifungua mapema zaidi, lakini haina maana kwamba tuliumaliza.

Tuanzie nyumbani, hapa Pwani. Shule zote za Kenya zilifungwa kwa tangazo la Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa. Julai, Wizara ya Elimu ikasema mwaka wa masomo umepotea na shule zingefunguliwa Januari 2021. Baadaye uamuzi ukabadilishwa, na tarehe 12 Oktoba 2020 wakaitwa wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Kabla Oktoba haijaisha, shule mbili za sekondari mjini Mombasa zikafungwa kwa kuwa walimu kadhaa walikutwa na virusi. Mwalimu mkuu wa mojawapo ya shule hizo alifariki dunia. Katika majuma yaliyofuata, walimu wakuu wengine katika sehemu mbalimbali za nchi nao wakafariki, na vyama vya walimu vikapaza sauti vikitaka shule zifungwe tena hadi usalama wa wafanyakazi upatikane.

Wale wanaokumbuka majuma hayo watakumbuka pia jinsi habari zilivyosafiri. Wazazi wengi hawakuzipata shuleni. Walizipata katika makundi ya WhatsApp, usiku, zikiwa zimeongezwa chumvi, na asubuhi baadhi yao wakafika langoni kuwachukua watoto. Hatusemi walikosea kuogopa. Tunasema tu kwamba mahali ambapo shule haikuwa imezoea kusema, uvumi ulisema kwa niaba yake.

Mazoea ya kunyamaza hayakuzaliwa shuleni. Tuliyajifunza sote mwanzoni mwa janga. Aprili 2020 taifa lilitazama picha za mtu aliyezikwa usiku kule Siaya, bila jeneza, akiingizwa kaburini na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga huku familia yake ikilia kwa mbali. Waliokuwa wakitoka ng'ambo waliwekwa karantini ya lazima na kudaiwa gharama zake, mpaka serikali ilipotangaza mwezi Mei kwamba ingezibeba katika vituo vyake. Waliokamatwa kwa kuvunja kafyu nao wakapelekwa karantini. Hapo karantini, ambayo kwa asili yake ni huduma ya kumlinda jirani, ikawa adhabu machoni pa watu. Baadhi ya vituo hivyo vilikuwa mabweni ya shule. Ni nani basi atashangaa kwamba miezi michache baadaye, mtoto alipoanza kukohoa, wazo la kwanza la mzazi halikuwa daktari?

Mama mmoja mwenye mtoto wa kiume katika shule ya bweni alitusimulia yake bila kujitetea. Siku ya kufungua muhula, kijana aliamka na mafua na joto kidogo. Alimpa chai ya tangawizi na vidonge vya kuteremsha homa, akangoja saa moja, akamgusa paji la uso, kisha wakapanda matatu. Langoni kipimajoto kikasoma vizuri. Kabla hawajaagana alimwambia mwanawe, "Ukikohoa, kohoa ukiwa peke yako." Karo ya muhula alikuwa ameikusanya kwa kuuza samaki, nauli ilikuwa ya kwenda tu, na mwaka uliotangulia kijana alikuwa ameushinda nyumbani akibeba mchanga kwenye majengo. Alihofu kwamba akirudishwa siku ile hangerudi tena. "Niliona nachagua kati ya mafua na maisha yake," alisema.

Hatukuwa na moyo wa kumhukumu, na hatuna hata sasa. Lakini ni lazima tuseme waziwazi kilichotokea. Kidonge cha kuteremsha homa hakikuondoa virusi, kama vilikuwapo. Kiliondoa ishara pekee ambayo lango lile liliweza kuisoma. Ulinzi wote wa shule ulikuwa umesimama juu ya kifaa cha kupimia joto na neno la mzazi, na kifaa bila neno hakifai kitu. Zaidi ya hayo, ndani ya bweni lile alikuwapo mlezi mwenye kisukari na mpishi aliyekaribia kustaafu. Kijana angepona kwa siku tano. Wao je?

Tukivuka lango tunamkuta mwalimu, naye ana sababu zake. Katika shule zetu nyingi walimu ni wa namna mbili. Wapo walioajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, ambao mishahara yao iliendelea hata shule zilipofungwa. Wapo pia walioajiriwa na bodi za shule, na wale wa shule za binafsi, ambao hulipwa kutokana na karo. Karo ilipokauka Machi 2020, wao walikauka nayo. Wengine walirudi mashambani, wengine waliuza mitumba na mboga. Kule Mwea shule moja ya binafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku na kiwanja kuwa shamba la mboga, na habari yake ikaenea duniani kana kwamba ni kichekesho. Kwa waliokuwa wakifundisha mle haikuwa kichekesho. Mwalimu wa namna hii, akirejeshwa kazini baada ya miezi tisa bila kipato, akiamka na kichwa kinauma na harufu ya chai haisikiki, ataenda kuripoti? Akitengwa siku 14, siku hizo nani atazilipa? Tulipouliza swali hilo katika shule kadhaa tulikuta kwamba halikuwa na jibu la maandishi popote. Lilikuwa limeachwa kwenye huruma ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu naye yuko kati ya nyundo na fuawe. Akitangaza kwamba kuna wagonjwa watatu, wazazi mia tatu watakuja kuwachukua watoto, na huenda baadhi yao wakawa tayari wamebeba virusi na kuvipeleka vijijini. Akinyamaza na mtu akafa, jina lake litatajwa kwenye redio. Wakubwa wake wanataka takwimu, lakini wanataka pia utulivu. Shule jirani haijasema chochote, kwa hiyo atakayesema kwanza ataonekana ndiye mwenye ugonjwa. Hivi ndivyo shule zote za eneo moja zinavyoweza kuwa na ugonjwa na zote zikaonekana safi.

Kuna jambo la kitaalamu ambalo tunadhani lilisaidia unyamavu huo kustawi, nalo ni mahali tulipoelekeza macho. Miongozo ya Wizara ilidai barakoa, kunawa mikono, kupima joto na kukaa umbali wa mita moja. Mita ile ilikuwa ndoto tangu mwanzo. Sera ya kumpeleka kila aliyemaliza Darasa la Nane katika Kidato cha Kwanza, jambo jema lenyewe, ilikuwa imezijaza shule za sekondari tangu 2018 kuliko kuta zake zilivyoweza kubeba. Waziri wa Elimu wakati huo, Profesa George Magoha, alikiri kwamba nafasi haitoshi na akahimiza wengine wafundishwe hata chini ya miti. Wapo waliomcheka. Baadaye ilibainika kwamba mti ulikuwa ushauri bora kuliko ilivyodhaniwa. Ugonjwa huu husafiri hasa kwa hewa ya ndani isiyopita, na mti hauna dirisha la kufungwa.

Sisi tulinawa sana mikono na kufungua madirisha kidogo. Kila shule ilipata matangi, ndoo zenye bomba, hata vibuyu chirizi vilivyotundikwa na watoto wenyewe kwa kamba na fito, na kunawa huko kumewapunguzia watoto magonjwa ya kuhara, jambo la kushukuru. Lakini usiku, katika shule za nyanda za juu kwenye baridi kali, madirisha ya bweni yalifungwa yote na watoto wakalala wakipumua hewa moja hadi alfajiri, kisha wakapangwa foleni wapimwe joto. Ndoo langoni huonekana na mkaguzi. Dirisha lililofunguliwa saa nane za usiku halionekani na mtu yeyote, wala halipigwi picha. Shule ikiwa na ndoo na kipimajoto ilihesabiwa kuwa imejiandaa, na iliyokwisha kuhesabiwa hivyo iliona aibu mara mbili kusema kwamba ina wagonjwa.

Hebu tuwatazame pia ndugu zetu wa Tanzania, kwa kuwa mapito yao yanatoa mwanga kwa upande mwingine. Kule shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 na kufunguliwa zote tarehe 29 Juni, baada ya wanafunzi wa Kidato cha Sita na vyuo kutangulia tarehe 1 Juni. Watoto wa Tanzania walipoteza miezi mitatu, si tisa, wala si ishirini na miwili. Hilo ni jema, nasi hatulifichi. Lakini tangu mwisho wa Aprili 2020 takwimu za ugonjwa hazikutangazwa tena kwa zaidi ya mwaka mzima, na katika shule neno lenyewe likawa zito kutamkika. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania liliandika barua ya tahadhari likisema kwamba wimbi jipya limeingia na kuwaomba waamini wajikinge. Mwanzoni mwa Machi, Katibu Mkuu wa Baraza hilo, Padre Charles Kitima, alisema kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki dunia. Masista ni akina nani katika jimbo lolote la Afrika Mashariki? Ni wauguzi na ni walimu. Kila aliyesomeshwa na masista anaweza kujipigia hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo Uganda ilifunga kwa muda mrefu, Tanzania ikafungua mapema, Kenya ikawa katikati, na katika nchi zote tatu mzazi mwenye mtoto mgonjwa alibaki na swali lilelile asubuhi: niseme au nisiseme? Mjadala wa kufunga na kufungua umechukua nafasi kubwa mno katika magazeti yetu. Ni mjadala wa wakubwa. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, mwenye kuamua alikuwa mama mwenye kidonge mkononi.

Kanisa lina neno gani hapa? Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, la mwaka 1965, linafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, na kwamba shule huwasaidia katika wajibu huo. Tumelizoea fundisho hili kiasi kwamba tunalisoma bila kushtuka. Janga limelifanya liwe na uzito wa kushikika. Kwa miezi tisa walezi wa kwanza walibaki kuwa walezi pekee: watoto wakisoma kwa redio kama ipo, kwa simu moja ya nyumba nzima kama ina bando, au wasisome kabisa. Hata katekesi ilirudi sebuleni, maana nyumba za ibada zilipofunguliwa Julai 2020 watoto walio chini ya miaka 13 na wazee waliozidi 58 walitakiwa kubaki nyumbani. Shule zilipofunguliwa tulitazamia kwamba mzazi, aliyekwisha kuubeba mzigo wote peke yake, angepokelewa langoni kama mwenzi. Katika shule nyingi alipokelewa kama hatari. Siku za kuwatembelea wanafunzi wa bweni zilisimamishwa, jambo lenye sababu, lakini hakuna kilichowekwa mahali pake. Mzazi akawa ni mtu wa kutuma karo na kungoja simu.

Lipo pia suala la chanjo, na hapa tunajikosoa kwanza sisi wenyewe. Machi 2021 Kenya ilipoanza kuchanja, walimu waliwekwa katika kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na walinda usalama. Maaskofu Katoliki wa Kenya walitamka mwezi huohuo kwamba kuzipokea chanjo hizo ni halali kimaadili, wakifuata maelezo yaliyotolewa na Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikano tarehe 21 Desemba 2020. Baadhi ya madaktari Wakatoliki walisema kinyume, na sauti yao ikasambaa kwa simu haraka kuliko barua ya maaskofu ilivyofika kwenye mbao za matangazo parokiani. Kulikuwa na majuma kadhaa ambapo mwalimu Mkatoliki aliyeuliza swali la dhamiri alipata majibu mawili yaliyopingana, yote yakitoka kwa watu wanaokaa naye benchi moja kanisani. Tulichelewa kumjibu. Baadaye walimu wengi walichanjwa, na mwishoni mwa Novemba 2021 vijana wa miaka 15 na kuendelea nao wakaruhusiwa. Hapa tena mzazi aliombwa kuamini alichoambiwa na shule ambayo kwa miezi ishirini haikumwambia mengi.

Hatuwezi kuuacha mwaka 2021 bila kutaja moto. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ilibanwa: mihula ikafuatana karibu bila pumziko, mwaka wa masomo ukaanzia Julai 2021, silabasi ikakimbizwa. Oktoba na Novemba 2021 mabweni yakaanza kuungua, shule baada ya shule, hadi Wizara ikawapa wanafunzi likizo fupi katikati ya muhula. Wako waliosema ni utovu wa nidhamu na kutaka kiboko kirudi. Hatukubaliani nao. Kumchoma mwenzako akiwa usingizini ni uovu, na anayefanya hivyo awajibishwe. Lakini vijana hao walikuwa wametoka katika mwaka wa hofu, baadhi wamezika mzazi bila kuruhusiwa kumwosha wala kumkesha, wakaingizwa katika bweni lisilotembelewa na mtu na ratiba isiyo na Jumapili. Walimu waliotakiwa kuwasikiliza walikuwa wao wenyewe wamechoka, na wengi hawakuwa wamesikilizwa na yeyote. Ukimya uliotumika kuficha kikohozi ulificha na haya.

Nini basi kilichofaa kufanywa katika muhula wa Januari 2022, wakati aina ya Omikroni ilikuwa imepita kwa kasi katika nyumba zetu wakati wa Noeli na mitihani ya kitaifa ilikuwa ikingojewa mwezi Machi? Tumeona mambo yaliyofaulu, nayo si ya gharama kubwa. Shule moja ya bweni ya wasichana hutuma kila Ijumaa ujumbe mfupi kwa wazazi wote: wangapi wana homa, wangapi wametengwa, wangapi wamerudi darasani, na nani anawahudumia. Mwanzoni, alivyotueleza sista anayeiongoza, simu zililia hadi usiku na wazazi wanne waliwaondoa mabinti zao. Hakuacha. Juma la tatu simu zikapungua. Juma la tano mzazi mmoja alipiga simu siku mbili kabla ya kufungua, akasema, "Sista, wangu ana homa, nimlete au ningoje?" Sista alimjibu angoje, akamwahidi kwamba nafasi yake haitapotea na kwamba masomo atatumiwa. Ahadi hiyo ndiyo iliyokosekana kwa yule mama muuza samaki. Angekuwa nayo, kidonge kingebaki kwenye pakiti.

Kwa upande wa walimu, bodi za shule zilizo chini ya ufadhili wa Kanisa zinaweza kuamua jambo moja bila kungoja waraka wa yeyote: mwalimu, mpishi, mlinzi au mlezi wa bweni anayeripoti kwamba anaumwa halipotezi juma lake la mshahara. Tunajua hali ya fedha. Tunajua madeni ya wauzaji wa maharage na kuni. Pamoja na hayo, juma moja la mshahara wa mpishi ni dogo kuliko gharama ya kufunga shule kwa siku 15, na tunaliandika hapa kama hesabu tu kwa wale ambao hoja ya haki haijawatosha. Chumba cha kutengea wagonjwa nacho kiwe chumba ambacho mtoto hataogopa kupelekwa: kiwe na dirisha wazi, mtu mzima wa kukaa jirani, na simu ya kuongea na nyumbani kila jioni. Tumeingia katika chumba kimoja kilichokuwa stoo ya jembe na saruji, kitanda kimewekwa katikati. Binti aliyetuonyesha alisema wenzake wanakiita mahabusu.

Wazazi nao wana sehemu yao, na hapa tunawaambia wenzetu, maana nasi tuna watoto. Kundi la WhatsApp la darasa si mahali pa kutaja jina la mtoto aliyeugua wala la mwalimu anayeshukiwa kuleta ugonjwa. Tumeona majina yakitajwa, na tumeona familia ikihama shule kwa ajili hiyo. Kila jina linalotajwa huko huwafunza wazazi hamsini wengine kunyamaza. Anayetaka kujua ampigie mwalimu wa darasa. Na anayejua ya kwake ampigie pia.

Uganda, kule tulikoanzia, iliwapandisha watoto karibu wote darasa la mbele bila mtihani, ili mwaka usizibe njia. Walimu waliwapokea watoto ambao wengine walikuwa wamesahau kushika kalamu, na wasichana ambao wengine walikuwa na watoto mgongoni na waliambiwa waruhusiwe kurudi. Mamlaka ya Mipango ya Taifa ya nchi hiyo ilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa. Wengi wao walikuwa migodini, kwenye pikipiki za bodaboda, katika nyumba za waume. Hao hawangefikiwa kwa tangazo la redio. Aliyeweza kuwafikia ni mwalimu aliyejua njia ya kwenda kwao na mzazi ambaye angefungua mlango akimwona anakuja.

Katika parokia zetu za mjini na za vijijini, mikutano ya wazazi ya muhula wa Januari 2022 ilianza kuitishwa kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nje, chini ya miti na maturubai. Ajenda tulizoziona zilikuwa na karo, sare, mitihani na ukarabati wa vyoo. Tuliomba kiongezwe kipengele kimoja kabla ya hayo mengine, na kipewe muda: mtoto akiamka na homa siku ya kufungua, mzazi ampigie nani, na atajibiwa nini.